Rozalia na Darasa la Alhamisi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rozalia alifagia uwanja, akateka maji bombani, kisha akaenda kumshikia Ama ndama wakati wa kukamua. Ama alikuwa bibi yake, mama mzazi wa baba. Wairaqw wa Karatu huwaita bibi zao hivyo. Kufagia kulimchosha, na ndoo ya maji ilimuumiza utosi, lakini kazi ya ndama aliifanya kwa moyo mkunjufu kwa sababu ilikuwa na ujira wake. Maziwa yakishachemka, ule utando mzito unaoganda juu ulikuwa wa Rozalia. Ama aliuinua kwa kijiko, akamwekea kwenye kikombe chake cha bati, akasema, "Haya, kula upesi, kengele isikukute njiani." Hakuna mwingine aliyethubutu kuugusa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Januari ya mwaka 1979, Dada Cresensia aliporudi nyumbani.

Cresensia alikuwa na miaka ishirini. Mumewe, Boazi, alikuwa askari wa wanyamapori kule juu Ngorongoro, na nyumba yao ilikuwa karibu na ukingo wa kreta, penye ukungu na baridi kali. Mimba ilipotimiza miezi sita Boazi alimleta nyumbani kwao Karatu, ili mtoto wao wa kwanza azaliwe penye watu. Cresensia alishuka kwenye lori na sanduku lake, tumbo mbele, akicheka. Nyumba nzima ilimkimbilia. Rozalia naye alikimbia, msimfikirie vibaya. Alimpenda sana dada yake. Lakini kesho yake maziwa yalipochemka, Ama aliinua ule utando kwa kijiko, akampita Rozalia kana kwamba hamwoni, akautia kwenye uji wa Cresensia.

"Ama, na mimi?" Rozalia aliuliza.

"Wewe una mimba?" Ama alimjibu, na watu wazima wote wakacheka.

Rozalia hakucheka. Alikwenda shule tumbo likiwa na uji mtupu na koo likiwa na donge.

Tangu siku hiyo akaanza kuhesabu. Blanketi jipya alilonunua baba, kapewa Cresensia. Kiti chenye mgongo, cha Cresensia. Kibuyu cha samli kilichoning'inia juu ya meko, ambacho zamani kilishushwa sikukuu tu, sasa kilishuka asubuhi na jioni kwa ajili ya Cresensia. Hata jina la mama lilikuwa la Cresensia! Kijiji kizima kilimwita Mama Cresensia. Ungeita "Mama Rozalia" barabarani, asingegeuka mtu. Rozalia alikuwa na miaka kumi na miwili, yupo darasa la tano, anajua kusoma, kupika na kufua, na bado ilionekana hakuna aliyekumbuka kwamba yupo. Roho ilimuuma kweli kweli.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake peke yake. Mwezi wa pili alichaguliwa kuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Mazoezi yalikuwa kila Alhamisi alasiri. Siku ya kwanza alitia mipira saba, mwalimu wa michezo akampigia makofi mbele ya wote. Rozalia alirudi nyumbani mbio kwenda kusimulia, akamkuta mama anamkanda Cresensia miguu. "Vizuri, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho. "Hebu lete maji ya uvuguvugu."

Sasa sikilizeni lilivyoanza lile jambo lenyewe.

Jumapili moja baada ya misa, Nesi Petronila wa zahanati alisimama mbele ya kanisa akatangaza. Kila Alhamisi saa tisa alasiri kutakuwa na darasa la wajawazito. Watafundishwa namna ya kujiandaa, namna ya kupumua uchungu ukianza, dalili za hatari, na jinsi ya kumtunza mtoto mchanga. Halilipiwi hata senti. Waje wote, na hasa wenye mimba ya kwanza.

Mchana huo, wakiwa wamezunguka makande, ubishi ulizuka.

"Darasa la kuzaa!" Ama alisema, akiweka kijiko chini. "Ajabu ya mwaka huu. Yule ng'ombe wangu alisoma shule gani? Mbona anazaa kila mwaka na hana hata daftari?"

"Mama," alisema Mama Cresensia kwa sauti ya chini, "kati ya Cresensia na Rozalia mimi nilizaa wawili. Wako wapi?"

Rozalia alijua habari za wale ndugu wawili, lakini ilikuwa nadra sana kwa mama kuwataja. Ama alitazama pembeni, akachukua kijiko chake tena.

"Wewe mwenyewe unasemaje, Cresensia?" aliuliza Mzee Marseli, baba yao. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkulima wa ngano na maharage.

Cresensia alizungusha pete kidoleni. "Naogopa, Baba. Nasikia wanawake wanalazwa mikekani mbele ya watu, wanahemeshwa, halafu wanachekwa. Mimi siwezi kuchekwa. Lakini naogopa na kuzaa vilevile. Sijui lipi ni afadhali."

Baba akafikiri, kisha akamgeukia Rozalia. "Wewe una macho, na una kalamu. Alhamisi hii ukitoka shule, pita zahanati ukaone hilo darasa likoje. Utakachotuambia ndicho tutakachofuata. Kama ni zuri, kila Alhamisi utakuwa unamsindikiza dada yako."

Kila Alhamisi! Rozalia alihisi kama amenyang'anywa mpira mkononi. Alitazama uso wa baba, wa mama, wa Ama. Hakuna aliyekumbuka netiboli.

Alhamisi alikwenda akiwa amenuna. Alitaka kuona wanawake wanachekwa. Angelifurahi sana kuona hivyo, kwa maana angerudi na kusema ukweli mtupu na mambo yakaisha. Bahati mbaya kwake, darasa lilikuwa zuri. Wajawazito kumi na mmoja walikaa kwenye mikeka, kila mtu na khanga zake, na mlango ulikuwa umefungwa. Nesi Petronila, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa na mwanasesere wa kitambaa wa kuonyeshea jinsi mtoto anavyogeuka tumboni. Mama mmoja wa Kimaasai kutoka Endulen, jina lake Seenoi, aliuliza, "Kwetu tunaambiwa tule kidogo mtoto asiwe mkubwa. Ni kweli?" Hakuna aliyemcheka. Nesi alimweleza taratibu kwamba mama anayejinyima anajidhoofisha yeye na mtoto, na Seenoi akaitikia kwa kichwa.

Kisha wakafundishwa kupumua. Walilala ubavu, wakavuta pumzi pole pole, wakaitoa pole pole. Walipocheka walicheka pamoja, tena mwenye tumbo kubwa kuliko wote ndiye aliyewachekesha.

Mwishoni ukaletwa uji wa karanga wenye sukari. Sukari, jamani, mwaka ule ambao duka zima la kijiji lilikuwa halina hata kijiko! Vikombe vilikuwa kumi na moja. Rozalia alikaa mlangoni akameza mate. Akamwona Cresensia kwa mawazo yake, amekaa pale katikati, anakunywa uji wa sukari, anasifiwa na nesi, na yeye Rozalia yuko mlangoni vile vile, anamngoja, huku wenzake wanatupa mpira uwanjani.

"Wewe ni mdogo wake Cresensia wa Mzee Marseli, siyo?" Nesi Petronila alimwinamia. "Nimefurahi umekuja. Una daftari? Andika haya mambo matatu. Miguu kuvimba kidogo ni kawaida. Lakini mjamzito akivimba uso na mikono, akiumwa kichwa kisichopoa, au macho yakiona giza au vimulimuli, asingoje hata saa moja, aletwe hapa. Umeandika? Basi mwambie dada yako nimemwekea nafasi yake, namngoja Alhamisi ijayo."

Rozalia aliandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Nyumbani wote walikuwa wanamsubiri. Cresensia alijivuta kwenye kile kiti chenye mgongo. "Haya, mdogo wangu, niambie. Ni kweli wanalazwa mikekani?"

"Wanalazwa," alisema Rozalia. Hilo lilikuwa kweli.

"Na wanahemeshwa?"

"Wanahemeshwa sana." Nalo lilikuwa kweli. Rozalia aliona uso wa dada yake unasinyaa, na kitu fulani kibaya ndani yake kikafurahi. Basi akaendelea, na hapo ndipo alipoiacha njia. "Na nesi anawafokea. Mmoja alikosea akaambiwa ni mjinga, wote wakamcheka. Mlango uko wazi, hata wanaume wanaopita wanachungulia."

"Mungu wangu!" Cresensia alifunika uso kwa khanga.

"Nilisema mimi!" Ama alipiga paja. "Mjukuu wangu hatakwenda kudhalilishwa. Samli itamtosha."

Mama alimtazama Rozalia kwa muda mrefu. "Ni kweli, Rozalia? Nesi Petronila anafoka?"

"Kweli, Mama."

Baba akashusha pumzi. "Basi. Abaki nyumbani."

Alhamisi iliyofuata Rozalia alitia mipira tisa.

Lakini uongo ukishatoka mdomoni haurudi, wala huwezi kuuongoza unavyotaka. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Cresensia kwenda kupimwa pale pale zahanati, kama alivyokuwa akipimwa kila mwezi kule kwa mumewe. Akakataa. "Kwa nesi yule anayefoka? Hata kupimwa siendi. Mbona sijambo?" Rozalia alisikia akiwa nje anaosha sufuria. Hakuwa amekusudia hilo. Akajiambia kupimwa siyo lazima sana, akasugua sufuria kwa nguvu zaidi.

Na kweli Cresensia alionekana hajambo. Tena alinenepa! Ndani ya wiki tatu uso wake ulijaa, mashavu yakang'aa, vidole vikawa vinene. Majirani walikuja kumtazama. Mama Martini wa nyumba ya pili alisimama mlangoni akashika kiuno. "Cresensia, umenawiri, mama wee! Huko kwa mumeo ulikuwa kama ufito."

"Samli yangu hiyo," Ama alijibu, akinyoosha kidole kwenye kibuyu. Alitembea kijiji kizima akijisifu.

Rozalia alijitazama mikono yake miembamba, akaona gere mpaka machozi yakamlenga. Utando ule wa maziwa ungeingia tumboni mwake, na yeye si angeng'aa vile? Siku pete ya Cresensia ilipokwama kidoleni, ikabidi itolewe kwa sabuni na watu wakapiga vigelegele, Rozalia alitoka nje akaenda kukaa zizini na ndama.

Cresensia akaanza kulalamika kichwa. Ama alisema ni jua. Asubuhi kichwa, mchana kichwa. Alilala, na kazi zake ndogo ndogo, kuchambua maharage na kushona nepi, zikahamia kwa Rozalia. "Kichwa, kichwa," Rozalia alinung'unika. "Kunenepa anaweza, kuchambua maharage hawezi."

Jumamosi moja katikati ya mwezi wa tatu, mvua ya usiku ilikuwa imekatika na jua la saa sita limewaka kweli kweli. Mama alikuwa anafua. Baba alikuwa chini ya paa la zizi anatengeneza nira ya plau. Rozalia alikaa chumbani kwa dada yake, mlango na dirisha wazi, akifanya hesabu za kazi ya nyumbani. Cresensia alikuwa amekaa kitandani na nepi aliyokuwa anaishona.

"Roza, nitungie uzi. Leo macho yangu yana vimulimuli, tundu la sindano linanikimbia."

Rozalia alinyoosha mkono kupokea sindano, kisha mkono ukasimama hewani. Vimulimuli. Neno hilo alikuwa ameliandika yeye mwenyewe. Akaligeuza daftari polepole mpaka ukurasa wa nyuma, akasoma mwandiko wake mzuri. Uso na mikono kuvimba. Kichwa kisichopoa. Macho kuona giza au vimulimuli. Akainua kichwa kumtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akamtazama bila kijicho. Yale mashavu hayakuwa yameshiba. Yalikuwa yamevimba! Macho yalikuwa yamebaki mistari miwili. Kumbe Rozalia alikuwa anauonea wivu ugonjwa.

Akatoka mbio hadi jikoni. "Ama, mjamzito akivimba uso, ni vizuri?"

"Kuvimba nini? Huko ni kunenepa. Acha maneno yako, lete kuni."

Rozalia alisimama pale pale. Kama angesema alikojua hayo, angeulizwa mengine. Darasa lilikuwaje? Nesi alifoka? Wangejua wote kwamba aliwadanganya. Baba angejua. Mguu mmoja ulitaka kwenda zizini, mwingine ukakataa. Labda angoje jioni, labda Cresensia atalala kidogo apoe. Alirudi chumbani kuchungulia.

"Roza, ni wewe?" Cresensia alikuwa anapapasa ukuta. "Mbona mmefunga dirisha? Washa taa basi, sioni kitu."

Dirisha lilikuwa wazi kabisa! Jua limejaa kitandani, limemwangukia usoni.

Rozalia hakufikiri tena. Alikimbia mpaka zizini, akaanguka magotini mbele ya baba yake. "Baba, dada haoni! Nesi alisema akivimba uso, akiumwa kichwa, akiona giza, apelekwe hapo hapo. Niliandika, haya hapa. Darasa ni zuri, Baba. Nesi hafoki. Nilidanganya. Nilimwonea wivu, nikadanganya!"

Mzee Marseli alisoma ule ukurasa. Akaiweka nira chini, akasimama. Rozalia akadhani atapigwa, na angependa kupigwa.

"Hayo ya kudanganya tutayazungumza," baba alisema. "Sasa hivi una miguu. Kimbia kwa nesi."

Ilikuwa maili moja na nusu, na njia yote ni tope jekundu. Rozalia alivua viatu akavitupa kwenye mahindi. Aliteleza, akaanguka, akainuka, akakimbia tena. Kila hatua alikuwa anasema, "Asife, asife, asife." Utando wa maziwa, blanketi, kiti, netiboli, vyote na vichukuliwe leo hii, mradi dada yake abaki hai.

Nesi Petronila alikuwa anafunga zahanati. Aliposikia neno "haoni" hakuuliza la pili. Alichukua mkoba wake, akamwita Wilibrodi, dereva wa Landrova ya misheni, wakampakia Rozalia nyuma na matope yake. Nyumbani nesi alimfunga Cresensia kipimo cha presha mkononi, akasikiliza. Kisha akamchoma sindano.

"Hospitali, sasa hivi," alisema. "Mama mtu twende pamoja. Taratibu mkimbeba, asitikisike."

"Lakini amenenepa," Ama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake cha samli amekikumbatia. "Alikuwa amenenepa, mwanangu."

"Amevimba, Mama," nesi alimjibu kwa upole. "Samli yako haina kosa. Presha yake imepanda mno. Tukichelewa, tutawapoteza wote wawili."

Gari likaondoka. Uwanjani walibaki watu watatu. Baba alirudi kwenye nira yake lakini hakuigusa. Ama alikaa kwenye kile kiti chenye mgongo, akakaa tu. Rozalia alichukua zile nepi ambazo hazijaisha akazishona zote, akijichoma vidole, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Kesho yake, watu walipokuwa wanatoka misani, Landrova ilirudi pale nyumbani. Wilibrodi alitoa kichwa dirishani kabla hajasimamisha gari. "Ni wa kiume! Mdogo kama kiganja, lakini analia huyo, anawasumbua manesi! Na mama yake anaona. Kanitambua hata mimi."

Ama alipiga kigelegele kilichofika barabara kuu. Rozalia alikaa chini palepale alipokuwa akalia kwa sauti.

Cresensia alikaa hospitali wiki tatu. Siku aliporudi, uso wake ulikuwa mwembamba, na Rozalia hakuwahi kuuona mzuri kama siku ile. Mtoto aliitwa Patrisi. Nesi Petronila naye alikuja kumtazama Cresensia anavyoendelea. Walipokwisha kunywa chai, baba alisema, "Rozalia, simama. Nilisema tutayazungumza. Waambie wote, wewe mwenyewe."

Rozalia alisimama katikati ya nyumba akasema yote. Hakuruka kitu, hata lile la kufurahi alipouona uso wa dada yake unasinyaa. Alipomaliza alimgeukia Cresensia. "Dada, nisamehe. Nilitumwa nikawe macho yako, na mimi karibu nikupofushe."

Cresensia alimwashiria asogee. Kisha akasema, "Imeniuma, Roza. Sitakudanganya. Nilipokuwa nasikia giza linakuja nilidhani ndiyo mwisho wangu." Akamtengeneza mtoto kifuani. "Lakini na mimi nikwambie. Nilipokuwa nimelala humu chumbani, nilikuwa nasikia mnacheza mpira kule shuleni, nikakuonea wivu wewe. Unakimbia unapotaka, hakuna anayekukataza. Laiti tungeambiana."

"Adhabu yako," alisema baba, "ni kwamba muhula huu hakuna netiboli. Kila Alhamisi utakwenda darasani kuwapikia wajawazito uji."

"Ndiyo, Baba." Hakunung'unika.

"Na mimi nitakwenda," Ama alisema ghafla. Wote wakamgeukia. "Mnanitazama nini? Nimekuwa nikiwapokea watoto wa kijiji hiki tangu kabla hamjazaliwa, na sikujua kwamba uso unaovimba ni hatari. Kuna wawili ambao..." Alimtazama mkwewe, hakumaliza. Mama Cresensia alimshika mkono.

Nesi Petronila alimvuta Rozalia akamkalisha kando yake. "Nisikilize, binti. Kuona wivu siyo dhambi yako kubwa. Wivu humpata kila mtu, hata mimi. Hapo Ama alipokupita na kijiko, ungesema, 'Mama, naumia, naona mmenisahau,' ungesikilizwa. Lakini uliuficha, ukaukalia, mpaka ukaanza kukutuma kazi zake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa uongo. Na uongo wako ulimfungia mtu mlango wa zahanati. Habari ya afya ya mtu usiipunguze wala usiiongeze, hata neno moja, maana aliyekutuma anaweka maisha yake mkononi mwako. Siku ile ulisema kweli ukiwa na hofu ya kuaibika, na ile kweli ndiyo iliyowaokoa wawili hawa. Ikumbuke kila ukiona aibu kusema."

Alhamisi zilipita. Rozalia alikoroga uji kwenye sufuria kubwa, na Ama alikaa mkeka wa mbele kabisa, akiuliza maswali mengi kuliko wajawazito wote, mpaka Seenoi wa Endulen akawa anamwita mwanafunzi mwenzangu. Muhula ulipoisha, Rozalia alirudi uwanjani.

Asubuhi moja Patrisi alicheka kwa mara ya kwanza. Nyumba nzima ilimzunguka, wanamwimbia, wanabishana kacheka na nani. Maziwa yalichemka jikoni, yakamwagika, hakuna aliyeona. Rozalia alisimama na ndoo yake mlangoni, akahisi lile donge la zamani linapanda kooni. Akaitua ndoo chini.

"Mama," alisema kwa sauti, "leo naona wivu."

Wote walimtazama. Mama akatabasamu, akasogea pembeni na kumwachia nafasi kitandani. "Umefanya vizuri kusema, mwanangu," alisema. "Njoo ukae hapa, umshike wewe. Ama, kaokoe hayo maziwa, na utando wa leo ni wa Rozalia."